Vijana wa base, muulizeni MCA mambo ya bajeti si pesa ya chai

Wanangu, hamjambo. Juzi nimepita hapo base nikawasikia mkipanga vile mtamvizia mheshimiwa wetu, yule MCA, yaani mwakilishi wa wadi kwa bunge la kaunti, akitoka kanisani awaachie kitu kidogo, na wengine mnamtusi ati hakuonekana kwa matanga ya mzee fulani na basari ya mtoto wa jirani hajalipa. Imeniuma, ndio maana naandika.

Nani aliwaambia hiyo ndio kazi yake? MCA kazi yake ni kutuwakilisha, kutunga sheria za kaunti pale City Hall, Nairobi, na kufuatilia gavana na watu wake wanatumiaje pesa yetu, basi. Hata ile sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inamkataza kuingilia utekelezaji, yaani barabara hajengi yeye na taka habebi yeye, yeye ni wa kusimama kwa bunge la kaunti aulize mbona haijajengwa na mbona haijabebwa. Sasa mkimzungusha wiki nzima kwa harambee na matanga, hayo maswali atauliza saa ngapi?

Mimi niko hapa Eastlands tangu enzi za madiwani wa kanso, kabla kaunti zianze 2013, na tabia naona ni ile ile, mtu anapigiwa makofi juu ya kreti za soda. Angalieni ile mulika mwizi ya hapo steji, ile nguzo ndefu ya taa za kumulika mtaa. Taa zilikufa kitambo, nguzo imebaki ya kubandikwa karatasi za waganga na sura za wanasiasa, na wasichana wetu wakitoka kazini usiku wanapita hapo wakikimbia. Ni nani kati yenu amewahi kumuuliza mheshimiwa kama ukarabati wa hiyo taa uko kwa bajeti? Mmemuomba nauli tu.

Sikizeni vile hii kitu inaenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti unafaa kuwa kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na mradi ukikosa kuandikwa huko, kuupenyeza baadaye ni shida sana. Makadirio ya bajeti yenyewe yanapelekwa huko kufikia 30 Aprili, halafu kamati ya bajeti inatakiwa isikize wananchi kabla mwaka wa pesa uanze Julai, na hapo ndio pa kupiga kelele wanangu. Nairobi iko na wadi 85 na kila moja inavuta kwake, sisi tukilala wengine hawalali. Mkifika ombeni ukurasa wa wadi yetu, someni jina la mradi na pesa iliyoandikwa hapo, mwaka ujao mrudi na karatasi hiyo hiyo mkononi muulize imeenda wapi. Mkutano wenyewe unachosha, viti vinakuwa vichache na mtu anasoma tarakimu mpaka usingizi ukushike, lakini kaeni mpaka mwisho.

Na wewe unayejipanga kugombea 2027, nimeskia, na ni vizuri, lakini jifunze kusoma bajeti kabla hujachapisha posta.

Sheria pia inaturuhusu kupeleka ombi la maandishi kwa bunge la kaunti. La hiyo mulika mwizi nimeshaanza kuliandika, lakini sahihi yangu peke yake haina uzito kama zetu zote. Jumamosi jioni pitieni kwangu na kalamu, mama atapika chai, tulimalize.