Jumamosi tunapanda miamba ya kilima cha Lukenya

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi tuondoke saa 12 kamili asubuhi, kabla mwamba haujashika joto. Kila mtu aje na kofia ngumu na maji ya kutosha; kamba ninazo.

Wageni wameniuliza upandaji huu ulianza lini kwetu. Mountain Club of Kenya iliundwa 1949, lakini Batian, kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya (mita 5,199), kilifikiwa 1899 na mwanajiografia Mwingereza Mackinder pamoja na waongozaji wake wawili, Ollier na Brocherel. Nelion, kilele cha pili cha mlima huo, ikafuata 1929. Mimi huwakumbuka zaidi wapagazi waliobeba mizigo hadi kambini, ambao majina yao hayatajwi sana. Tuwazungumzie tukipumzika kivulini.

Anayekuja athibitishe kufikia Alhamisi, tafadhali.