Salamu za Pasaka, na habari ya nguo mpya

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kwa niaba ya nyumba yangu nawasalimu wote, wa nyumbani na wa mbali. Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Tunamshukuru Mungu aliyetuvusha Kwaresima, ingawa si wote tuliovuka. Kaka yetu mkubwa tulimzika mwezi wa pili, na salamu hizi alikuwa akiziandika yeye. Mmenitwika mimi, basi mnivumilie.

Hali mnaijua. Mafuta ya kupikia, nauli, ada, vyote vimepanda isipokuwa mshahara. Nilipita sokoni kutafuta gauni la mtoto. Bei niliyotajiwa, zamani ungevalisha nyumba nzima. Ukiomba kupunguziwa, muuzaji anakutazama kama umemtukana. Nikarudi na soksi. Najua humu wamo wazazi wanaowaza kubaki nyumbani Jumapili kwa sababu watoto hawana kipya cha kuvaa. Hao hasa ndio ninaotaka wasome.

Kaka, kama mjuavyo, hakustaafu ualimu wa historia. Ijumaa Kuu tukitoka ibadani alikuwa na habari yake ya mji wa Birmingham, Alabama, huko Marekani, mwaka 1963. Watu weusi wa mji ule pesa yao ilipokelewa vizuri madukani, ila chumba cha kujaribia nguo walitengwa, bomba la maji walitengwa, na kwenye kaunta ya chakula hawakuruhusiwa kukaa. Wakaamua kuwagusa wenye maduka penye maumivu: msimu wa Pasaka, biashara ikiwa imechangamka, hawanunui. Mama aliyezoea kumshonea au kumnunulia binti gauni jeupe mwaka ule alimpeleka kanisani na la zamani. Kiongozi wao, Mchungaji Martin Luther King, mwenyewe alivaa shati na suruali za jinzi, nguo za kazi, akaandamana Ijumaa Kuu, Aprili 12, huku mahakama imepiga marufuku na fedha za dhamana zimekwisha. Akawekwa mahabusu peke yake. Mkewe, Coretta, alikuwa na kichanga cha wiki mbili, na Pasaka ikapita hajaisikia sauti ya mumewe. Kaka akifika hapo koo lilimkauka, anaomba maji. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Shemeji, labda wewe unajua.

Siku hiyohiyo ya kukamatwa kwa King, viongozi wa dini wanane, wazungu, walitoa tamko wakisema maandamano yale hayakuwa na busara wala wakati wake. King aliwajibu kwa barua aliyoianza kwenye pembezoni za gazeti. Kaka alipenda pale anaposema kwamba Asia na Afrika zinaukimbilia uhuru kwa kasi ya ndege, na wao, weusi wa Marekani, bado wanajikokota na gari la farasi kutafuta kikombe cha kahawa kwenye kaunta. Tanganyika bendera tulikuwa tumeshapandisha, alikuwa akisema, na kifua kinamtanuka kana kwamba aliipandisha yeye.

Mei watoto wa shule waliingia barabarani, wakapigwa maji ya zimamoto na kushambuliwa na mbwa wa polisi, magereza yakajaa. Mei 10 wenye maduka wakakubali kuondoa ubaguzi ule. Lakini Septemba bomu liliwaua wasichana wanne katika kanisa la Baptisti la Mtaa wa 16, Jumapili asubuhi.

Sasa siwafananishi nao. Wao waliacha kununua kwa kuamua. Sisi wengi tumeachishwa na bei, na umaskini si maandamano. Lakini mtoto aliyefuliwa gauni lake la mwaka jana likanyooshwa vizuri hana deni kwa mtu. Mleteni ibadani.

Na tusiwanyooshee kidole Wamarekani tu. Wangapi kati yetu tuna kikombe cha dada wa kazi, cha plastiki, kimewekwa mbali na vyetu? Anapika pilau ya Pasaka tangu alfajiri, anaosha sahani za wageni, kisha anakula jikoni juu ya kigoda, ukoko na mchuzi. Tukiulizwa tunasema ndivyo alivyozoea. Wale wazungu wa Birmingham nao walisema hivyohivyo! Kristo alikaa meza moja na watoza ushuru, mimi na wewe tumepata wapi daraja la kumzidi? Jumapili hii mpeni kiti. Mezani, si kando ya meza. Na mshahara wake wa miezi ya nyuma mlipeni kabla hamjatoa sadaka.

Nimekuwa mrefu, kaka angenikata. Nawatakia Pasaka yenye baraka, afya na amani. Wagonjwa Mungu awaponye, wanaosafiri awafikishe salama, wafiwa awafariji, mwanzo wakiwa shemeji na watoto.

Jumatatu ya Pasaka tunakutana kwa shangazi baada ya ibada. Mbuzi amepatikana. Mchele kila nyumba ije na wake, na anayekuja na dada wa kazi amhesabu kwenye idadi ya watu.