Gia boksi ya otomatiki: klachi haziungui zenyewe

Simu nyingi zinazoingia hapa gereji huanza hivi: "Fundi, gia boksi yangu imekufa. Kuifumua ni bei gani?" Gari lenyewe mara nyingi ni la kifahari na limeshakula miaka kumi na tano au ishirini: BMW kubwa, Mercedes ya E au S, Jaguar, Range Rover. Lilipotoka kiwandani lilikuwa la wakubwa. Leo liko mikononi mwa mtu wa tatu au wa nne, analipenda kweli, ila gharama za kulitengeneza bado ni zile zile za wakubwa.

Tukikutajia bei papo hapo tutakuwa tunabahatisha, kwa hiyo tutakurudishia maswali. Usituchoke. Tunatafuta kilichoua gia boksi, maana klachi zilizoungua, yaani zile pleti zinazobanwa kwa presha ya mafuta ili gia ishike, ni maiti tu. Ukibadilisha klachi ukaacha kilichoziunguza, utarudi, na safari hiyo utakuwa umekasirika.

Swali la kwanza ni hili: tatizo lilianzaje? Ukiweka D asubuhi, gari likiwa la baridi, linakaa kidogo ndipo linashika? Hapo tunafikiria sili za mpira zilizokakamaa, zinazovujisha presha mpaka zipate joto. Asubuhi linakwenda vizuri, kisha likipata moto injini inapiga kelele lakini mwendo hauongezeki? Mafuta yakipata moto huwa mepesi, na kama kuna mahali pamelika yatapita hapo, kwa hiyo klachi haibanwi sawasawa, inateleza na kujisaga. Ukiwa kwenye mwendo wa kutulia gari linatetemeka kama linapita juu ya vijituta, kisha linaacha ukigusa pedeli ya mafuta? Mara nyingi hiyo ni klachi iliyo ndani ya toki konveta, kile kifaa kinachopitisha nguvu ya injini kwenda kwenye gia boksi kwa kutumia mafuta.

Halafu kuna gari linalokwama ghafla kwenye gia moja na taa ya onyo inawaka. Watu wengi huliita hilo kifo cha gia boksi, kumbe mara nyingi ni kompyuta imeona jambo isilolielewa ikaamua kujilinda. Gia boksi ya Mercedes ya 722.6, yenye gia tano, iliyoanza kutumika mwaka 1996, inasifika kwa hilo: ikigoma, inakung'ang'aniza gia ya pili. Ina plagi ya waya yenye pini 13, na oringi zake (pete za mpira) zikizeeka mafuta hupenya, yakapanda ndani ya waya kidogo kidogo hadi kwenye kompyuta ya gia, ambayo iko mbali na gia boksi. Gari moja liliwahi kufika hapa mwenyewe akiwa ameshaambiwa kwingine atafute gia boksi nzima. Tulipochomoa soketi ya kompyuta vidole vilitoka vimelowa mafuta. Tulibadilisha plagi, tukaweka sahani mpya ya umeme inayobeba sensa za mwendo, tukasafisha kompyuta na kutia mafuta mapya. Klachi hatukuzigusa.

Ndiyo maana tunaanza na kompyuta ya kupimia, na hata kabla ya hapo na betri. Usicheke. Umeme ukishuka, magari haya hutoa makosa ya gia yasiyokuwepo.

Baada ya hapo tunafungua sampu, bakuli la mafuta lililo chini ya gia boksi. Ndani yake kuna sumaku, na sumaku hizo husema mengi. Zikiwa na tope laini la kijivu, jembamba, huo ni uchakavu wa kawaida. Tukikuta chenga zinazong'aa rangi ya shaba, bushi, zile pete za chuma laini zinazoshikilia shafti, zinalika. Tukikuta vipande vyeusi vyenye nyuzinyuzi na harufu ya kuungua, hizo ni ngozi za klachi, lile tabaka la juu ya pleti linaloshika, na hapo mjadala wa kufumua au kutofumua umekwisha.

Kuna kitu kimoja ambacho hakuna fundi anayependa kukiona kwenye sampu: mafuta ya waridi, mazito, kama maziwa yaliyotiwa rangi. Hayo yamechanganyika na maji ya rejeta. Kwenye magari mengi mafuta ya gia hupozwa ndani ya rejeta ya injini, kwenye chumba chake, na chumba hicho kikitoboka, maji yenye dawa ya kupoza huingia kwenye gia boksi. Gundi inayoshika ngozi za klachi haivumilii hali hiyo, na ngozi huanza kubanduka. Gari la namna hii unaweza kulifumua gia boksi kwa ustadi wote, ukafunga vifaa vipya vya kiwanda, lakini ukirudisha rejeta ile ile umetupa kazi nzima. Tunapomwambia mteja "na rejeta pia", wengine hudhani tunaongeza bili.

Sasa tuseme lazima tufumue. Gia boksi inashuka, inaoshwa nje, inafunguliwa mezani, na kila pakiti ya klachi inapangwa kwa mfuatano wake. Sehemu inayomshangaza mteja akija kuangalia ni pistoni inayobana klachi. Anategemea kuona chuma kilichovunjika, tunampa mkononi kiduara chenye mdomo wa mpira, tunamwambia abonyeze kwa ukucha. Mpira mzima hujirudi. Wa gari la miaka ishirini mara nyingi haubonyei kabisa, umekuwa kama plastiki. Mdomo huo ndio ulikuwa uzuie mafuta yenye presha yasitoroke nyuma ya pistoni. Ulipokakamaa, klachi ilibanwa kwa nguvu pungufu, ikateleza, ikaungua. Mpira huo ni wa bei ndogo kuliko karibu kila kitu kilichoko mezani.

Pleti mpya tunaziloweka kwenye mafuta kabla ya kuzifunga. Tukishapanga pakiti, tunapima nafasi yake kwa fila geji, vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Ikizidi, gia itachelewa kushika, ikipungua, pleti zitasuguana muda wote na kujichoma. Kisha tunapuliza hewa kwenye tundu la mafuta la ngoma, kile kikombe cha chuma kinachobeba pakiti na pistoni yake. Pistoni ikishika vizuri utasikia "tup" moja, nzito. Ukisikia mluzi, tunafungua tena. Tumewahi kufungua ngoma moja mara tatu kwa sababu ya mluzi huo.

Valvu bodi ndiyo mahali ambapo ufumuaji wa haraka haraka hujificha. Ni kipande cha alumini chenye vichochoro vya mafuta na valvu zinazocheza ndani yake, na miaka mingi ya kuchezacheza hupanua matundu yake. Kwa macho huoni kitu, kwa hiyo tunapima kila tundu kwa mashine ya kuvuta hewa. Lililolika linachongwa upya na kuwekewa valvu kubwa zaidi, au tunabadilisha valvu bodi yote. Ukiruka hatua hii, presha itaendelea kuwa mbovu na klachi mpya zitafuata za zamani.

Kila aina ina ugonjwa wake. Kwenye 5HP24 ya ZF, kampuni inayotengenezea viwanda vya magari gia boksi, iliyofungwa kwenye BMW na Jaguar za V8, tunakagua ngoma ya klachi A hata kama dalili hazijaigusa, kwa sababu inajulikana kupasuka. Kwenye ZF 6HP26, iliyoanza mwaka 2001 na BMW ya Mfululizo wa 7, kompyuta yenyewe imo ndani ya mafuta pamoja na valvu bodi, na kati yake na mwili wa gia boksi kuna sili za mpira ambazo zikichoka presha hupotea. Bushi ya plagi yake nayo huvuja, na sampu ni ya plastiki iliyounganishwa na chujio, unabadilisha vyote pamoja.

Toki konveta hatuifungui hapa, tunaipeleka kwa wataalamu wa kazi hiyo. Inakatwa kwenye mashine ya kukerezea, klachi yake inabadilishwa, inachomelewa, inapimwa uvujaji na kusawazishwa. Kuirudisha ya zamani bila kuikata ni kurudisha uchafu wote ulioua gia boksi. Kipoza mafuta nacho kikiwa na vichochoro vyembamba hatukisafishi, tunakibadilisha.

Kuhusu "mafuta ya maisha", maneno yaliyoandikwa kwenye vitabu vya baadhi ya magari haya, sisi tuna msimamo. ZF wenyewe, waliotengeneza gia boksi, wanapendekeza mafuta yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au kila miaka 8. Ila kama gia boksi tayari inateleza, mafuta mapya hayatairudishia ngozi ya klachi. Tutakuambia hivyo hivyo, hata kama ulikuja kwa ajili ya mafuta tu.

Wanaouliza gia boksi iliyotumika: inawezekana, na kuna wakati inafaa, kwa mfano mwili wa ile ya zamani ukipasuka. Lakini ikitoka kwenye gari la umri ule ule, mipira yake ina umri ule ule, na kompyuta zake zinaweza kukataa kuelewana na gari lako. Sisi huwa hatuifungi bila kubadilisha sili kwanza.

Kwa hiyo makadirio yetu huja mara mbili: ya kwanza ni ya kupima na kufungua, ya pili baada ya kuona kilichomo, na hapo unaweza kusema basi. Kama gari nalo limeanza kuoza kwa kutu au injini inakula oili, tutakuuliza kwa nini unataka kuweka gia boksi mpya ndani yake.

Siku ya kuchukua gari usitushangae tukichelewa na kipimajoto. Kiwango cha mafuta ya ZF hizi za gia sita hupimwa injini ikiwaka, mafuta yakiwa kati ya nyuzi 30 na 50. Mercedes ya 722.6 ina bomba la kupimia lakini haina kijiti, kijiti kinakaa gereji. Mafuta yakipungua pampu hunyonya hewa, na klachi mpya zinaweza kuungua ndani ya wiki ile ile. Baada ya hapo tunafuta kumbukumbu za zamani za kompyuta na kuliendesha mpaka lijifunze upya klachi zake. Siku chache za mwanzo linaweza kubadili gia kwa ugumu kidogo.

Kama gari limeshasimama kabisa, tupigie kabla hujalifunga kamba. Pampu ya gia boksi huendeshwa na injini. Injini ikiwa imezimwa na magurudumu yanayosukuma gari yanazunguka barabarani, vyuma vya ndani vinasuguana bila mafuta. Lipandishe juu ya gari la kubebea magari, magurudumu yote manne.