Ufa uliozibwa wiki ya kuuza

Mhariri,

"Usipoziba ufa utajenga ukuta" ni methali ambayo wauzaji wa nyumba kuukuu wameishika barabara, ila wao huuziba wiki moja kabla mnunuzi hajafika. Kiraka cha lipu mpya juu ya dirisha, rangi mbichi kwenye kona moja ya chumba ilhali kona nyingine tatu zimepauka: hapo ndipo pa kusimama na kuuliza. Mnunuzi wa nyumba ndogo ya zamani katikati ya mji kwa kawaida huhesabu vyumba, huuliza kama bei inapungua, kisha anaaga. Kuta, paa, bomba na waya, yaani nyumba yenyewe, havipati hata nusu saa. Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako tuwaeleze wasomaji jinsi ya kuikagua kabla ya kutoa arabuni. Nyumba za namna hii mara chache huuawa na umri. Huuawa na maji, na maji huacha nyayo.

Vifaa ni vichache: tochi, bisibisi bapa, ngazi, penseli, rula yenye milimita, sumaku ndogo na ndoo mbili. Nendeni wawili, mmoja afungue bomba na mwingine asimame nje.

Kabla ya kuingia, vuka barabara uitazame nyumba kwa mbali. Mgongo wa paa unatakiwa kunyooka. Ukibonyea katikati, ama kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, zimechoka, ama ukuta uliokuwa ukizibeba ndani umevunjwa ili sebule iwe kubwa. Nyumba zikiwa zimepangana, linganisha na paa la jirani. Kama zote zilijengwa pamoja na hii peke yake imelegea, una swali la kuuliza.

Kisha tazama chini. Hapa mitaa ya zamani ina hila yake. Barabara imewekwa lami juu ya lami, ua umemwagwa zege juu ya zege, na kila safari ardhi ya nje imepanda kidogo huku sakafu ya ndani ikibaki palepale. Ardhi ya nje inatakiwa kuwa chini ya sakafu kwa sentimita 15 hivi, na iteremke kuelekea mbali na ukuta. Ukikuta imelingana na sakafu, au imeipita, usihangaike kutafuta unyevu unatoka wapi: kila mvua ikinyesha ukuta unakunywa. Kuchimba na kurudisha usawa wa zamani kunawezekana kwenye ua wako. Upande wa barabara ya umma huna mamlaka hayo.

Sasa nyufa, ambazo huwatisha watu bila sababu au huwapita bila kuziona. Nyufa nyembamba kama utando wa buibui ni lipu iliyokauka haraka, ziache. Ufa ulio chini ya milimita 5 kwa kawaida hurekebishika bila makuu, mradi umetulia. Kuanzia milimita 5 hadi 15, mwite mhandisi wa majengo kabla ya kuzungumza bei. Zaidi ya hapo, usiendelee bila ripoti yake ya maandishi. Lakini upana peke yake hautoshi. Ufa unaoshuka kwa ngazi kufuata viungo vya matofali, kutoka kona ya dirisha kwenda kwenye kona ya nyumba, na ukiwa mpana zaidi juu kuliko chini, mara nyingi husema kona hiyo inazama. Ingia ndani utafute mwenzake upande wa pili wa ukuta. Ukiupata mahali palepale, ukuta umepasuka kutoka nje hadi ndani, si lipu tu.

Mulika tochi ndani ya ufa. Wenye vumbi, utando na rangi ya zamani ulitokea kitambo na huenda umelala. Wenye kingo kali na safi bado unatembea. Mwenye muda huchora mstari wa penseli kwenye kila ncha ya ufa, akaandika tarehe na kuupima tena baada ya miezi michache. Mnunuzi mara nyingi hana miezi hiyo, kwa hiyo atumie milango. Funga kila mlango utazame uwazi wa juu. Ukiwa mpana upande mmoja na finyu upande mwingine, fremu imepinda pamoja na ukuta. Mlango uliopigwa randa juu ili ufunge ni ushahidi uleule, na mtu husahau kuupaka rangi mahali alipopiga randa.

Penye kona iliyozama, tafuta jirani yake chini ya ardhi. Mara nyingi utakuta bomba la maji taka lililopasuka ambalo limekuwa likisomba udongo chini ya msingi, au mti mkubwa karibu na ukuta, na udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Sababu ikiwa bomba, tengeneza bomba kwanza. Kuziba ufa kabla ya hapo ni kumpaka mgonjwa poda.

Unyevu nao una makabila matatu, na tiba ya mmoja haimfai mwingine. Unaopanda kutoka ardhini hukaa chini ya ukuta, mara nyingi hauvuki mita moja, na huacha mstari wa chumvi nyeupe kama maji ya bahari yalipokomea. Unaopenya kutoka nje huwa na umbo la doa, chini ya mfereji wa paa uliotoboka au kizingiti cha dirisha, na hukua mvua ikinyesha. Wa tatu ni mvuke wa ndani: ukungu mweusi kwenye kona baridi, nyuma ya kabati na bafuni. Huyo ni suala la hewa kupita, na gharama yake ni ndogo.

Kosa tunalolikuta mara nyingi kwenye unyevu unaopanda limefanywa na fundi, tena kwa nia njema. Nyumba nyingi kuukuu zilijengwa kwa mota ya chokaa badala ya saruji, na ukuta wa chokaa hupumua: huloa, kisha hukauka. Mtu akaja akaukandika lipu ngumu ya saruji na rangi ya mafuta. Unyevu ukakosa pa kutokea, ukapanda juu zaidi, na lipu ikaanza kuvimba na kuachia. Kwangua kiungo cha matofali mahali pasipoonekana kwa ncha ya bisibisi. Kikitoka unga mweupe laini, ni chokaa. Kikiwa kijivu na kinakataa, ni saruji. Ukigonga lipu na kusikia mlio wa uwazi, imeshaachana na ukuta. Kwa ukuta wa chokaa, bajeti yako iwe ya kubandua saruji na kupiga lipu ya chokaa, si ya rangi ya "kuzuia unyevu".

Panda darini mchana, uzime tochi. Kila nukta ya nuru ni tundu. Washa tena ufuate madoa ya kahawia kwenye mbao, maana tundu la paa na doa la dari mara nyingi haviko mahali pamoja; maji hutembea juu ya ubao kabla ya kudondoka. Bonyeza bisibisi kwenye ncha za mbao zinapokalia ukuta, kwa kuwa ndipo zinapooza kwanza. Ikizama kama kwenye keki, ubao umekwisha. Tafuta pia vijia vya udongo vya mchwa vikipanda ukutani, na vitundu vya bungua, wadudu watoboao mbao. Vitundu vitupu huenda ni vya zamani. Unga mpya chini yake maana yake wamo kazini. Paa likiwa la shuka za kijivu zenye mawimbi, za zamani, chukulia kwamba zina asbesto, nyuzi ambazo vumbi lake hudhuru mapafu, mpaka maabara ikanushe. Usitoboe, usivunje, usifagie vumbi lake. Kuziondoa ni kazi ya watu waliofunzwa, na gharama yake iingie kwenye bei.

Kwa maji safi, fungua bomba la jikoni na bafu kwa pamoja, kisha vuta choo. Mkondo ukififia sana, huenda mabomba ya chuma yameota kutu ndani, na bomba la nusu inchi likabaki na njia ya penseli. Maji ya kwanza asubuhi yakitoka na rangi ya chai yanathibitisha. Bomba la kijivu lisiloshika sumaku, laini, linalong'aa fedha ukilikwaruza kwa ufunguo, ni la risasi: libadilishwe lote. Kisha funga koki zote, soma mita, subiri nusu saa usome tena. Ikisogea, kuna maji yanapotea ukutani au ardhini.

Maji taka ndiyo yanayosahaulika kuliko yote. Funua kifuniko cha chemba, mwenzako amwage ndoo mbili kwa mpigo chooni. Maji yanatakiwa kupita haraka na kuacha mfereji wa chini ukiwa wazi. Yakija taratibu, yakapanda kando au kuleta mchanga na mizizi, bomba limeziba, limevunjika au limekosa mteremko. Bomba la inchi 4 lataka kushuka kama sentimita 2.5 kwa kila mita. Uliza pia chemba ni ya nyumba moja au ya nyumba tatu, kwa sababu nyumba zilizobanana huchangia njia, na ikiziba kila mmoja humtazama mwenzake.

Umeme tuufupishe: waya zenye ganda la mpira au kitambaa, fyuzi za kaure zenye uzi wa kufunga, soketi zisizo na waya wa ardhi, yote ni ya kung'oa. Usiruhusu mtu akuuzie habari kwamba "inawaka vizuri". Weka kwenye bajeti nyaya mpya za nyumba nzima, na swichi ya kinga ya miliampia 30 inayokata umeme ukivuja.

Mwisho kuna kuta za pamoja na vyumba vya nyongeza. Ghorofa iliyoongezwa juu ya msingi uliochimbwa kwa nyumba ya chini ni mzigo ambao haukupigiwa hesabu. Omba mchoro na kibali chake. Mpaka upimwe na mpimaji, usioneshwe kwa kidole.

Orodha ikikamilika, tenga asilimia 15 hadi 20 juu ya makadirio ya ukarabati kwa yale yatakayofichuka lipu ikibanduliwa. Rangi iliyochakaa, vigae vya bafu vilivyopitwa na wakati na kabati mbovu ni vya kushangilia, maana huwafukuza wanunuzi wengine kwa kasoro za bei nafuu. Ufa unaotembea bila sababu iliyojulikana ni wa kuachwa. Na muuzaji akikataa dari isipandwe au kifuniko cha chemba kisifunuliwe, arabuni ibaki mfukoni hadi kifunuliwe.

Wakaguzi wa majengo