Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: mashine tumeipata, mhandisi je?

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima zote naomba nikusumbue. Nimekwisha kukuandikia kwa njia ya kawaida, kupitia afisa, kupitia mkuu wa afisa, barua zikiwa na muhuri wa kikundi, na sijapata hata mstari mmoja wa kuniambia zimefika. Sasa naandika hadharani. Huenda aliye karibu nawe akaisoma hii akakunong'oneza.

Wiki iliyopita mahindi yetu yamerudishwa. Mnunuzi alichoma bambo, kile chuma chenye uwazi cha kuchotea punje, kwenye magunia, akamimina punje kwenye kipimaunyevu, akakigeuza upande wetu tusome wenyewe: gunia moja asilimia 17, la pili 11, la tatu 16. Yote ni mahindi yaliyokaushwa siku moja, kwenye mashine moja. Kisha akatandaza punje chache kiganjani, akazielekeza kwenye mwanga tuone nyufa zilizomo ndani. Hakututukana. Alisema tu kwamba mzigo huu hawezi kuuchanganya na wa watu wengine, na kwamba lori litoke mlangoni kwa kuwa kuna wanaosubiri nyuma. Nauli ya kwenda ni yetu, ya kurudi ni yetu.

Yangekuwa mahindi ya kuanikwa chini kando ya barabara, ningekaa kimya. Haya yamekaushwa na mashine uliyotukabidhi wewe mwenyewe, Mheshimiwa. Ulikata utepe, ukabonyeza swichi, tukapiga makofi. Siku hiyo ulisema upotevu wa mazao baada ya mavuno sasa basi. Ukaongeza, na mashahidi ni wote waliokuwa chini ya lile hema, kwamba mtaalamu angefika kabla ya mavuno kutufundisha kuiendesha. Mavuno yakaja yakapita. Yakaja mengine. Aliyefika ni kijana mwenye fomu ya kuhesabu wanufaika. Tukaijaza: majina, sahihi, namba za simu. Kwa hiyo nadhani kwenye ripoti yako sisi ni mafanikio.

Acha nikueleze yaliyotokea ndani ya ile mashine, maana sina hakika kama waliokushauri kuinunua wanayajua.

Hewa ya moto inaingilia chini, inapanda katikati ya mahindi, inatokea juu ikiwa imebeba maji. Ya chini ndiyo yanayotangulia kukauka. Ukijaza kina kirefu, hewa inakuwa imeshiba maji kabla ya kufika juu, na mahindi ya juu yanabaki kama yalivyoingia. Ndiyo hiyo 11 na 17 ya magunia yetu. Tena maji yaliyo katikati ya punje hayatoki kwa amri. Yanahitaji muda wa kusafiri hadi kwenye ganda, ndiyo maana wanaojua kazi hii hukausha, wakapumzisha nafaka, wakakausha tena. Ukiongeza moto umalize upesi, ganda linasinyaa wakati moyo wa punje bado una maji, na punje inapasuka kwa ndani. Na dizeli ilivyo ghali, nani asingeongeza moto? Kwenye mashine kuna swichi ya kuzungusha ya joto, yenye namba, na kitabu chake kimeandikwa kwa lugha ambayo kikundini hakuna anayeisoma. Hakuna aliyetuambia kwamba mahindi ya mbegu yasipitishwe kwenye joto linalozidi nyuzi 43, kwani kiini hufa, na ya kusaga yasizidi takribani 60. Waliopitisha mbegu zao humo walipanda, wakasubiri, wakapanda upya kwa mbegu za kukopa.

Haya nimeyapata kwa kusoma mwenyewe usiku, nikiwa nimechoka. Mhandisi angeyasema kwa asubuhi moja akiwa amesimama pale pale kwenye mashine.

Kuna jingine ambalo mpaka leo linaniuma kuliko hayo mahindi. Mwanachama analeta kilo 1,000 zenye unyevu wa asilimia 20. Zikikaushwa hadi asilimia 13 anarudishiwa kama kilo 920. Zile 80 ni maji, zimepanda na hewa. Hesabu yenyewe ni ya darasani: katika kilo 1,000 kuna kilo 800 za nafaka kavu, na hizo 800 ndizo zinazopaswa kuwa asilimia 87 ya uzito mpya. Lakini hesabu hiyo hakuna aliyetufanyia ubaoni kabla mashine haijawashwa, na mtu aliyeona kilo 80 zimepungua alijua tu kwamba ameibiwa. Mweka hazina wetu, mama wa watu, aliitwa mwizi mbele ya wanawe. Kuna waliojitoa kwenye kikundi na hawajarudi. Sijui kwenye fomu yako ya wanufaika hilo linaandikwa safu ipi.

Halafu ikaja mifuko. Mradi mwingine, hema lingine. Mifuko isiyopitisha hewa ni kitu kizuri na siwezi kuisema vibaya: wadudu waliofungiwa humo humaliza oksijeni wakafa, bila dawa. Lakini mfuko haukaushi. Mahindi yakiingia na unyevu yanakaa na unyevu wake, na tulipofungua baadhi tulipokelewa na harufu ya pombe. Mgawaji alisema "hakikisheni yamekauka", akapanda gari. Tungehakikisha kwa kifaa gani? Kipimaunyevu hatukupewa. Hata ile njia ya chumvi, chupa kavu, chumvi kavu na konzi ya punje, unatikisa, chumvi ikinata kwenye kuta za chupa ujue unyevu umezidi kama asilimia 15, hiyo isiyogharimu kitu, hakuna aliyetuonyesha.

Na huko ndiko inakotokea sumukuvu, sumu inayotolewa na kuvu wanaoota kwenye nafaka yenye unyevu, Mheshimiwa. Kuvu hawaombi ruhusa ya wizara. Mwaka 1960 kule Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000 kabla wanasayansi hawajaifikia sumu iliyokuwa kwenye mashudu ya karanga waliyolishwa. Kuipika haiondoki, kuisaga haiondoki. Mahindi yaliyorudishwa na mnunuzi unadhani tumeyapeleka wapi? Tumeyarudisha nyumbani, kwenye nyumba zenye watoto. Nimeyatenga yangu, na sijui niyafanye nini.

Nisieleweke kwamba namlaumu bwana shamba wetu. Yule ni mtu mwema. Ukimuuliza mbegu, mbolea, viwavi, atakujibu na atakuja shambani, mara nyingi kwa mafuta ya mfukoni mwake. Ukimuuliza feni inapaswa kusukuma hewa kiasi gani kwa tani moja ya nafaka, atacheka na kukwambia ukweli kwamba chuoni hakufundishwa hayo. Vijiji vyake ni vingi kuliko siku za mwezi. Wizara imemwongezea mashine za watu, haijamwongezea mtu.

Watu wapo. Hilo ndilo linalonikasirisha. Kuna chuo kikuu chenye idara nzima ya uhandisi wa kilimo na mifumo ya kibayolojia, na nilikwenda. Mhadhiri alinipokea vizuri, akanizungusha karakana. Nyuma yake kuna kikaushio kidogo kilichotobolewa matundu kila kimo, kila tundu lina kipimajoto, na mwanafunzi alikuwa ameandika tasnifu nzima juu ya swali lile lile lililonirudisha na lori: kina gani, joto gani, muda gani. Tasnifu iko kabatini. Nikamuuliza, je, mashine zetu ziliponunuliwa mliulizwa? Akatabasamu. Nikamuuliza, mnaweza kuja? Akasema gari la idara halina mafuta, na kwamba vipindi vya mafunzo kwa vitendo vilipunguzwa. Mimi nahisi, na kama nakosea nisahihishwe hadharani kama ninavyoandika hadharani, kwamba mhadhiri anapandishwa cheo kwa makala anazochapisha, na hakuna anayepanda cheo kwa kuja kusimama kwenye matope yetu. Nahisi pia kwamba aliyenunua mashine alitazama bei na tarehe ya uzinduzi. Huku nyuma, binti wa jirani yangu mwenye shahada hiyo hiyo ya uhandisi wa kilimo anauza bima.

Mkipenda kutolea mifano nchi zilizoendelea, basi itoeni kamili. Marekani walipitisha sheria ya kuanzisha vyuo vya kilimo na ufundi mwaka 1862. Mwaka 1887 wakaongeza vituo vya utafiti. Wakagundua kwamba elimu inabaki vyuoni, na mwaka 1914 wakaweka sheria ya tatu, ya kuitoa elimu hiyo vyuoni kuipeleka kwa mkulima, ikiwa na fungu lake la fedha. Iliwachukua miaka 52 kufika hapo. Sisi hatuna sababu ya kuirudia safari hiyo kwa miguu, jibu lilishapatikana.

Na mfano ninaoupenda zaidi ni wa Nebraska, jimbo la huko huko Marekani. Mkulima mmoja, Wilmot Crozier, alinunua trekta ambazo hazikufanya kazi kama tangazo lilivyosema. Alipoingia katika bunge la jimbo hakusahau. Mwaka 1919 ikapitishwa sheria kwamba trekta isiuzwe jimboni humo mpaka aina yake ijaribiwe na wahandisi wa chuo kikuu, matokeo yalinganishwe na madai ya muuzaji na yachapishwe, na vipuri vipatikane. Majaribio yakaanza mwaka 1920, na wapo watengenezaji waliokuja kupimiwa wakagundua trekta zao si kama walivyozisifu. Alichokuwa nacho Crozier ni hasira na kiti cha bunge. Hasira tunayo. Kiti unacho wewe.

Nasikia kuna mashine nyingine zinakuja, za kupukuchua, za kupandia, pampu za umwagiliaji wa matone. Vibomba vya matone navyo huziba maji yasipochujwa, Mheshimiwa. Natangulia kukwambia ili isije ikasemwa wakulima hawakusema. Naomba zisitoke bandarini kabla wahandisi wa chuo hawajazijaribu na kutuandikia, kwa lugha tunayoisoma, zinafanya nini na hazifanyi nini. Kama hilo ni zito, basi toa mafuta ya gari la idara. Kama na hilo ni zito, nitumie yule mwanafunzi wa tasnifu. Tutamlaza, tutamlisha, nauli tutachanga. Sihitaji kikao cha wadau, wala kofia na fulana. Hema libaki stoo. Tuletee mhandisi.

Aje kabla ya mavuno haya, ambayo si mbali, mabua yameanza kubadilika rangi. Aje na kipimaunyevu na chaki. Akae na sisi mashine ikiwaka na mpaka itakapozimwa, atuambie tujaze kimo gani, na lile suala la kilo 80 alieleze yeye mbele ya wanachama wote, wakiwemo waliojitoa, wamsikie mtu mwenye cheti akimsafisha mweka hazina wetu. Hilo peke yake lingenitosha.

Anwani si tatizo. Namba zetu zote za simu ziko kwenye ile fomu ya wanufaika, na wasaidizi wako wanayo.

Wako mtiifu, ambaye bado anasubiri,

Katibu wa kikundi cha wakulima