Miradi ya kompyuta za afya ikaguliwe kabla ya kulipwa

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie miradi ya kompyuta inayoingizwa katika vituo vya afya vya Serikali hapa Lubumbashi. Sipingi kompyuta, tena nazitamani. Ninachodai ni kwamba mradi wowote wa namna hiyo usilipwe awamu ya pili kabla ya kukaguliwa na wataalamu wasio na mkono katika mkataba, na ripoti yao isomwe na kila mwananchi anayetaka.

Mimi ni mjumbe wa CODESA, ile kamati ya wakaaji inayofanya kazi na kituo cha afya, katika komini ya Kampemba. Dawa zikifika tunaitwa. Tunafungua makartoni, tunahesabu, tunaangalia tarehe ya kuisha muda, ndipo tunatia sahihi. Kompyuta zilipoletwa, tulipewa karatasi moja yenye aina ya mashine, namba yake na mstari wa sahihi. Intaneti italipwa na nani mradi ukimalizika? Betri za sola zikifa, nyingine zitatoka wapi? Habari za wagonjwa zinatunzwa kwenye seva gani, na nani ana ruhusa ya kuzifungua? Karatasi ile haikujibu hata moja, na aliyezileta alituambia tuulize Kinshasa.

Muuguzi ndiye anayebeba mzigo. Mama akifika na mtoto mwenye malaria, muuguzi anaandika kwenye rejista, kisha anaandika yale yale kwenye tableti ya mradi, kama kuna umeme. Mwezi ukiisha anarudi kwenye rejista, anahesabu mstari kwa mstari kwa kidole na kalamu, anajaza fomu ya SNIS, yaani ya mfumo wa taifa wa habari za afya. Fomu hiyo inakwenda ofisi kuu ya zoni ya afya, na huko inaingizwa upya katika DHIS2, programu ya kompyuta ya kukusanya takwimu za afya. Tableti haikumpunguzia chochote. Foleni imerefuka, na lawama za kinamama zinamwangukia yeye.

DHIS2 yenyewe naitetea. Ni programu huria iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo, na nchi yetu inakusanyia humo takwimu za zoni zake 519 za afya. Shida ni kwamba kila mfadhili anakuja na programu yake: kifua kikuu hii, chanjo ile, na mara nyingi hakuna aliyeuliza kama zitapelekeana takwimu.

Wengine watasema ukaguzi ni anasa ya nchi tajiri. Basi watazame Uingereza. Mwaka 2002 serikali ya Tony Blair ilianzisha mpango mkubwa wa kuunganisha kompyuta za hospitali za England. Mikataba ilitolewa kwa haraka, na waganga wengi waliona mfumo umeamuliwa juu bila wao. Aprili 2006, wasomi 23 wa sayansi ya kompyuta waliandikia barua ya wazi kamati ya afya ya bunge, wakiomba ukaguzi huru wa kiufundi. Serikali haikuukubali. Kampuni kubwa zikaanza kujitoa, na Septemba 2011 ikatangazwa kwamba mpango unavunjwa. Mwaka 2013 wabunge walisema gharama yote inakadiriwa kukaribia pauni bilioni 10. Si kwamba kila kitu kilipotea: picha za X-ray za kidijitali zilifika hospitalini na zinatumika, kwa sababu waganga walizihitaji. Lakini pesa nyingi zilikwenda bila ule ukaguzi huru wa kiufundi walioomba wasomi kufanywa. Wao walikuwa na akiba ya kufidia. Sisi hatuna.

Na wakaguzi tunao. UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ina wataalamu wa informatiki na Shule ya Afya ya Umma. Sheria ya mikataba ya Serikali ya mwaka 2010 ipo. Kanuni ya mambo ya dijitali ya mwaka 2023 inalinda habari binafsi za mtu, na hapo ndipo hofu yangu ni kubwa kuliko kote. Mama anayekunywa dawa za kupunguza makali ya UKIMWI katika kartiye ambako kila mtu anamjua mwenzake, jina lake likivuja, ndoa yake na biashara yake vinaweza kuvunjika kwa siku moja. Mkaguzi aanze na hilo, hata kabla ya kuhesabu mashine.

Nawaomba wabunge wetu wa jimbo la Haut-Katanga, katika kikao cha bajeti, wamtake waziri wa afya wa jimbo aweke mezani orodha ya miradi yote ya kompyuta iliyoko katika vituo vyetu: nani anailipia, inakwisha lini, na nani ataitunza baadaye. CODESA nazo zipewe nakala, kwa maana sahihi zinazoombwa ni zetu.

Mjumbe wa CODESA,
Kampemba, Lubumbashi