Pwani ya India kwa gari: hesabuni saa, si kilomita

Mhariri,

Kila likizo ya Desemba inapokaribia, vijana wetu wanaosoma Pune, Mumbai, Bengaluru na Mangaluru huanza kupangana wawili wawili kushuka Goa na kwingineko kwenye pwani ya magharibi ya India. Wanachoshauriana ni hoteli na mahali pa kupiga picha. Barabara yenyewe, ambayo ndiyo itakayozila siku zao, haizungumzwi. Tunaomba nafasi tuizungumze, kwa sababu yanayowakwamisha wasafiri ni yale yale kila mwaka, na mengi yanaepukika kabla gari halijawashwa.

Barabara kuu ni NH66, iliyojulikana kama NH17 mpaka namba zilipobadilishwa mwaka 2010. Inaanzia Panvel, pembeni ya Mumbai, inakatiza Maharashtra, Goa, Karnataka na Kerala, inamalizikia Kanyakumari katika jimbo la Tamil Nadu. Jumla yake ni kama kilomita 1,600. Huko nako watu huendesha kushoto kama kwetu, jambo linalowapa wageni imani kubwa kuliko inavyostahili.

Kutoka Mumbai hadi Panaji, mji mkuu wa Goa, ni karibu kilomita 600, na ramani ya simu itakwambia ni safari ya siku moja. Usiiamini. Upanuzi wa kipande cha Maharashtra ulianza mwaka 2011 na umechelewa miaka nenda miaka rudi. Unakuta zege safi la njia nne, mara unatupwa kwenye mchepuko wa vumbi nyuma ya malori, kisha zege tena. Hesabu ya salama ni kilomita 40 kwa saa na kilomita 200 hadi 250 kwa siku, pamoja na kula na kupumzika. Kwa kipimo hicho mtalala Chiplun usiku wa kwanza na kuingia Goa siku ya tatu mkiwa na nguvu. Toka Panaji hadi Gokarna ni kama kilomita 150, asubuhi moja inatosha. Gokarna hadi Udupi kupitia Murudeshwar ni siku nyingine nyepesi. Mangaluru hadi Kozhikode ni takriban kilomita 235 na kwenye karatasi inaonekana rahisi, lakini Kerala miji imeshikana, na ujenzi wa kuifanya NH66 iwe ya njia sita umeacha michepuko mingi. Igaweni mara mbili, mlale Kannur.

Asiyetaka adha ya Konkan, ule ukanda wa pwani kati ya Mumbai na Goa, anaweza kuzunguka kwa NH48: Mumbai, Pune, Satara, Kolhapur, kisha kushuka mlima wa Amboli hadi Sawantwadi. Ni ndefu zaidi lakini barabara inakwenda, ila haigusi bahari mpaka mwisho. Anayetaka bahari tangu mwanzo afanye kinyume. Avuke na gari kwa kivuko kutoka Bhaucha Dhakka, Mumbai, hadi Mandwa, safari ya kama saa moja, kisha afuate barabara ya pwani kupitia Murud. Mito na hori zinazokata njia hiyo huvukwa kwa pantoni ndogo: Agardanda kwenda Dighi, Bagmandla kwenda Vesavi, Dabhol kwenda Dhopave, Tavsal kwenda Jaigad. Ukiikosa pantoni moja unaweza kusubiri muda mrefu, au uzunguke bara makumi ya kilomita kufika ng'ambo unayoiona kwa macho. Kwa hiyo siku ya pantoni msipange zaidi ya kilomita 150, muwe na noti ndogo za nauli, na ulizeni jioni ya kabla chombo cha mwisho kinaondoka saa ngapi.

Msimu ndio unaoamua kila kitu, na hapa msomaji wa pwani yetu ana faida. Upepo tunaouita kusi ndio huo huo unaovuka bahari na kumwaga mvua kwenye ukuta wa milima ya Ghats, kuanzia Kerala karibu na tarehe 1 Juni hadi Septemba. Boti za uvuvi zenye injini hupigwa marufuku pwani ya magharibi tangu 1 Juni hadi 31 Julai. Barabara nayo hulipa. Agosti 2, 2016 mafuriko yalibomoa daraja la zamani la mto Savitri karibu na Mahad usiku, mabasi yakaenda na maji. Julai 16, 2024 mlima uliporomoka Shirur, karibu na Ankola, ukafunika NH66 na kusukuma lori ndani ya mto Gangavali. Wiki tatu baadaye, Agosti 7, daraja kuukuu la mto Kali pale Karwar likaanguka. Hayo si mambo ya kubahatisha: mlima umekatwa wima kupanua barabara, udongo mwekundu umelowa kwa wiki kadhaa, chini yake mto umefura. Nendeni kaskazi ikivuma, Novemba hadi Februari. Ila wiki ya Krismasi hadi mwaka mpya bei za vyumba Goa hupaa, na siku za kuelekea sikukuu ya Ganesh, Agosti au Septemba, nusu ya Mumbai huwa barabarani ikirudi vijijini Konkan.

Sasa gari. Tazama kibao cha namba kabla ya kutazama kiti. Cheupe chenye maandishi meusi ni gari la mtu binafsi, cha njano chenye maandishi meusi ni teksi, na cheusi chenye maandishi ya njano ni gari au pikipiki ya kukodi ujiendeshe. Mtu akikukodishia gari la kibao cheupe kwa bei poa, amekupa kosa la kisheria, na ajali ikitokea bima ina sababu tayari ya kukataa kulipa. Nyie ni wawili, basi majina ya madereva wote wawili yaandikwe kwenye mkataba. Pigeni video gari lote kabla ya kuondoka: bampa, rimu, kioo cha mbele, chini ya milango, kipimo cha mafuta na kilomita. Ulizeni kwa maandishi kama gari linaruhusiwa kuvuka mpaka wa jimbo, maana wenye magari wengi wa Goa hawataki yatoke Goa. Ulizeni pia nani anajaza FASTag, ile stika ya kioo cha mbele inayokatwa ushuru wa barabara yenyewe. Imekuwa lazima tangu Februari 2021. Stika ikiisha salio, anayelipa taslimu hutozwa mara mbili. Na amana msiisahau: faini za kamera hufika siku nyingi baada ya safari, hivyo mkataba useme itashikiliwa kwa muda gani.

Kukodi gari pamoja na dereva mara nyingi ni busara zaidi kwa wasioyazoea mazingira, lakini ugomvi wa bili ni wa kawaida. Hesabu hufanywa kwa kilomita, na kuna kiwango cha chini kwa siku, kwa kawaida 250 au 300. Mkikodi siku nne kwa kiwango cha 250 mtalipia kilomita 1,000 hata kama mmetembea 700. Mkitembea 1,300 mtalipia 1,300. Gari likiachwa Goa, kilomita za kurudi Mumbai ni zenu. Juu yake huja posho ya dereva ya kila siku, nyongeza ya usiku, ushuru, maegesho na kodi ya kuingia jimbo jingine. Bei ya kilomita ikiwa ndogo mno, fahamuni faida imefichwa huko. Andikeni kila kipengele kwenye ujumbe wa simu, naye ajibu "sawa" kabla ya kulipa malipo ya kwanza.

Karatasi. Anayejiendesha abebe kitabu cha leseni ya kimataifa cha mfumo wa Mkataba wa Geneva wa 1949, ambacho hudumu mwaka mmoja, pamoja na leseni yake ya nyumbani. Kitabu bila leseni hakina kazi. Hoteli inatakiwa kupeleka taarifa za kila mgeni wa kigeni serikalini ndani ya saa 24, kwa ile inayozoeleka kama Fomu C. Nyumba ndogo zisizotaka usumbufu huo hukataa wageni mlangoni hata kama mmelipia mtandaoni, kwa hiyo pigeni simu mchana, taja pasipoti yako ni ya wapi, uliza kama wanapokea. Kugundua saa tatu usiku ndiko kunakowaingiza watu barabarani gizani. Anayesafiri moja kwa moja kutoka Kenya, Uganda au Kongo awe na cheti cha homa ya manjano chenye angalau siku 10, la sivyo anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Na simu ya setilaiti msibebe kabisa bila kibali. Watu wamekamatwa uwanja wa ndege kwa vifaa hivyo.

Barabarani kuna lugha nyingine. Gari linalokuja mbele yako likikupigia taa, maana yake si "pita", ni "nakuja, kaa pembeni". Honi si tusi, ni taarifa. Nyuma ya malori wameandika wenyewe uipige. Indiketa ya kulia ya lori huenda anakata kona, huenda anakuruhusu upite, huenda aliisahau tangu jana, basi tazama barabara yenyewe. Kwenye njia nne tegemea pikipiki, trekta hata lori likija upande wako, kwa sababu mwanya wa kugeukia uko mbali na mwenyewe hataki mzunguko. Matuta ya vijijini mengi hayana rangi wala kibao. Dalili yake ni gari la mbele kushika breki pasipo sababu. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, muwe mmefika saa kumi na moja jioni. Desemba jua linazama mapema baada ya saa kumi na mbili, na giza likiingia kuna ng'ombe waliolala kwenye lami, taa kali usoni na malori mabovu yaliyowekewa mawe badala ya pembe za kuakisi.

Pombe ni miligramu 30 kwa mililita 100 za damu, kiwango kidogo mno, na kosa la kwanza ni hadi rupia 10,000 au kifungo cha hadi miezi 6, au vyote. Goa pombe ni rahisi kuliko majirani, lakini kuivusha kwenda Maharashtra au Karnataka bila kibali ni kosa, na vizuizi vya mpakani vinaijua njia ya watalii.

Kwa wa pikipiki: haziruhusiwi kwenye barabara ya kasi ya Mumbai–Pune, ila kwenye barabara kuu za taifa kwa kawaida hazilipi ushuru. Kofia ngumu yenye alama ya ISI, ile ya ubora ya India, ni ya dereva na abiria pia. Mkiwa wawili na mizigo, ongezeni upepo wa tairi la nyuma kama stika ya pikipiki inavyoelekeza. Tairi laini hupata joto, na yenye mpira wa ndani ikipata pancha huisha upepo ghafla. Mizigo mizito ikae chini na karibu na kiti, si juu nyuma ya abiria, la sivyo usukani unakuwa mwepesi na kuyumba. Cheni ipakwe mafuta kila kilomita 500, na mapema zaidi mkipita vumbi au mchanga.

Mchanga nao una sheria zake. Goa ni kosa kuendesha gari ufukweni, na kila msimu kuna gari linalozama hadi ekseli huku maji yakijaa. Mwenye hamu aende Muzhappilangad karibu na Kannur, kilomita kama nne za ufuo mgumu ulioruhusiwa, lakini mkataba wa kukodi uruhusu kwanza. Kaeni kwenye mchanga uliolowa, msisimame karibu na maji, na siku hiyo hiyo muoshe gari kwa chini kwa maji baridi, maana chumvi hushika diski za breki.

Kuna mahali pawili msafiri wetu asipite akisinzia. Ngome ya Janjira, baharini mbele ya Murud, ilitawaliwa na Masidi, watu wenye asili ya Afrika, na Wamaratha hawakuwahi kuiteka; dola ya Masidi ilidumu hadi 1948. Na Kappad, kaskazini ya Kozhikode, ndiko Vasco da Gama alikofika Mei 1498 baada ya kuondoka Malindi na rubani wa bahari aliyeijua njia. Picha huko pigeni mnavyotaka. Kusini ya Karwar kamera zikae mfukoni, kwani NH66 inapita kando ya kambi kubwa ya jeshi la majini.

Ramani ya simu pakueni kabla, kwa sababu mtandao hukatika milimani, na ikiwaelekeza kwenye kijia chenye maji Kerala msiingie. Mei 2024 gari la watalii lilizama kwenye mfereji wilaya ya Kottayam kwa kuifuata. Namba hizi ziandikwe kwenye karatasi, kila mmoja abebe yake: 112 kwa dharura yoyote, 108 kwa gari la wagonjwa, na 1033 kwa aliyekwama kwenye barabara kuu ya taifa. Ukipiga 1033 watakuuliza nguzo ya kilomita iliyo karibu, hivyo anayekaa kiti cha abiria awe anazisoma njiani.